Bwana Hondo Alipokuwa Mpiga Mbiu

Paukwa!

Pakawa.

Aka! Pakawa gani hiyo, ya mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji? Paukwa!

Pakawa!

Kisa changu kina nini?

Kina nini?

Kina mdomo mrefu, masikio hakina. Haya, endeleeni kupukuchua mahindi, lakini masikio nipeni mimi. Na wewe Mwanakheri, unayewatupia kuku punje ukidhani sikuoni, nakuona.

Hapo zamani za kale, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, wanyama walikuwa na serikali yao na mikutano yao. Na kama ilivyo kwa watu, mwenye akili alikaa nyuma na mwenye kelele akakaa mbele.

Palikuwa na msitu. Msitu ule ulikuwa na mizambarau, ulikuwa na mifudu, ulikuwa na mibula, ulikuwa na mibungo inayotambaa juu ya miti mingine, na ulikuwa na mikuyu mikubwa kando ya mto. Zambarau zikiisha, mafudu yanaiva. Mafudu yakiisha, mabungo yanaiva. Yote yakikosekana, makuyu yapo. Hakuna aliyejua njaa ya siku tatu.

Humo aliishi Bi Hondo pamoja na mumewe, Bwana Hondo. Walikuwa hondohondo, wale ndege wakubwa wenye mdomo kama mundu na sauti ya kuvunja usingizi wa kiziwi.

Sasa sikilizeni mila ya hondohondo. Mke akitaka kutaga, huingia kwenye tundu la mti. Mume humletea tope, na wawili hao huuziba mlango, huyu kwa ndani, yule kwa nje, mpaka unabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo ndani mke hutaga, huatamia, hunyonyoka mbawa, hulea. Miezi inapita. Jua halioni, jirani hamwoni. Habari zote za dunia anazipata kwa kile anachopitishiwa kwenye ufa.

Na ukuta haubomolewi mpaka watoto waote mbawa. Hondohondo walikuwa na msemo wao: mke aliyebomoa ukuta mapema amembomoa mumewe. Ilikuwa aibu kubwa.

Basi Bi Hondo aliingia kwenye tundu la mkuyu mmoja. Tope likakauka. Akataga mayai mawili, akayalalia.

Siku ile ile mumewe akaja anahema kwa furaha.

"Mke wangu wa ndani, u hali gani?"

"Nina giza, nina joto, nina njaa."

"Toa mdomo, pokea riziki."

"Leo riziki gani?"

Akampa zambarau mbili zilizowahi msimu, fudu moja na bungo moja lililopasuka, masalio ya msimu uliopita, na makuyu matatu. Kisha akasema, "Mke wangu, mumeo amepata cheo! Mwenyekiti Nyani ameniteua kuwa mpiga mbiu wa msitu mzima. Amesema hakuna mwenye sauti kama yangu."

"Hongera," akasema Bi Hondo. "Na kazi yenyewe ni nini?"

"Mkutano ukiamua, mimi natangaza."

"Na mkutano ukiamua upuuzi?"

Bwana Hondo akacheka. Jamani, mtu akishapewa cheo, swali zuri analiona kama mzaha.

Zikapita siku chache. Asubuhi moja Bi Hondo alisikia sauti ya mumewe ikilia kutoka juu ya mti: "Sikilizeni, sikilizeni, wa juu na wa chini! Mwenyekiti amesema!" Kilichofuata hakukisikia vizuri. Alichokisikia ni kishindo. Pu! Kisha kingine. Pu! Mti alimokaa ukatikisika, na yeye akayafunika mayai kwa kifua.

Jioni mumewe akaja.

"Mke wangu wa ndani, u hali gani?"

"Nina giza, nina joto, nina njaa, na nina swali. Nini kile kilichokuwa kikianguka?"

"Aa, hayo ni maendeleo. Mkutano umeamua mibula na mifudu iondoke. Mbula ina kokwa kubwa na nyama kidogo. Fudu ni jeusi, halina sura. Mwenyekiti anasema miti hiyo inachukua nafasi ya mikuyu, na kuyu ndilo tunda analolipenda kila mtu. Tembo ndiye aliyepewa kazi."

"Tembo alikubali?"

"Tembo akionyeshwa mti, anasukuma. Hakuuliza."

"Na wewe ulisemaje?"

"Mimi? Mimi ni mpiga mbiu tu. Mpiga mbiu hana neno lake."

Bi Hondo alitaka kumdonoa, lakini ufa ulikuwa mwembamba. Akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu vidole, "Mume wangu, kati ya zambarau na mabungo, huwa tunakula nini?"

"Mafudu."

"Na mwaka huu kati ya zambarau na mabungo, tutakula nini?"

Bwana Hondo akafikiri. Akafikiri tena. "Nitamuuliza Mwenyekiti," akasema, akaruka zake.

Mayai yakaanguliwa. Makinda mawili, hayana hata unyoya, midomo wazi kutwa. Wa kwanza aliitwa Mosi na wa pili aliitwa Pili, maana mama aliyefungiwa gizani hana muda wa kutafuta majina ya mbwembwe. Mosi alikuwa na fujo. Pili alikuwa mpole, na akishiba alilaza kichwa chini ya kidevu cha mama yake. Bi Hondo aliwapenda wote, lakini kile kichwa chini ya kidevu kilimlegeza moyo kabisa.

Haukupita mwezi, mbiu ikalia tena. "Sikilizeni, sikilizeni, wa juu na wa chini! Mwenyekiti amesema!" Vishindo vikafuata, pu, pu, pu, siku nne mfululizo.

"Mke wangu wa ndani, u hali gani?"

"Nina giza, nina joto, nina watoto wawili wenye njaa. Leo riziki gani?"

"Kuyu."

"Na nini?"

"Kuyu."

"Jana ulileta kuyu. Juzi ulileta kuyu. Zambarau ziko wapi, Baba Mosi? Huu ni msimu wake. Mimi niko ndani ya mti, si ndani ya kaburi, najua miezi."

Bwana Hondo akakohoa. "Zambarau zina aibu zake, Mama Mosi. Walikuja wageni kutoka msitu wa ng'ambo ya mto, Mwenyekiti akacheka nao, wakamwona meno yote ya zambarau. Wakamcheka. Basi mkutano umeamua mizambarau iondoke. Na mibungo pia, kwa sababu bungo likiwa chachu linamkunja mtu uso mbele ya watu, na isitoshe inatambaa juu ya miti mingine bila adabu."

"Yaani msitu unakatwa kwa sababu Nyani hataki kupiga mswaki?"

"Punguza sauti, mke wangu."

"Nipunguze sauti! Mimi ndiye niliyekwenda kutangaza? Wewe ulisemaje?"

"Mimi ni mpiga mbiu tu. Mpiga mbiu hana neno lake."

"Na watoto wako, wana tumbo lao au hilo nalo ni la Mwenyekiti?"

Bwana Hondo akapitisha kuyu la mwisho, akaondoka. Bi Hondo akaligawa mara mbili. Yeye akalamba ganda.

Mnacheka? Chekeni. Mimi mwenyewe hapa nikisimulia nasikia hasira, maana Bwana Hondo si mwovu. Angekuwa mwovu ingekuwa rahisi. Alikuwa anampenda mkewe, anawapenda wanawe, anaruka kutwa kuwatafutia. Ila mdomo wake alikuwa amemwazima Nyani, na mdomo wa kuazima haurudi upesi.

Ikabaki mikuyu peke yake. Msitu mzima mikuyu. Nyani akafurahi, akapanda juu akaona kuyu huku, kuyu kule, akasema, "Sasa tuna utajiri." Akachuma kuyu lililoiva, akalipasua katikati. Ndani akaona vidudu. Vyeusi, vidogo kuliko punje ya ulezi, vina mbawa. Vilikuwa nyigu, lakini nyigu wadogo mno hata hawaumi.

Nyani akatema. Akaitisha mkutano wa tatu.

Bi Hondo alisikia mbiu. Safari hii hakusikia kishindo. Alisikia mchakacho wa miguu midogo mingi ikipita kwenye gome la mti, na hilo likamtia hofu kuliko vishindo vyote.

Mumewe alipokuja, hakungoja salamu. "Baba Mosi, nani wanaopita?"

"Hao ni Sungusungu, wale chungu weusi wakali. Wamepewa ulinzi. Unajua, Mama Mosi, miaka yote hii tumekuwa tukila kuyu lenye wadudu ndani! Mwenyekiti amesema ni uchafu. Sungusungu watapanda kila mkuyu, watakaa kwenye kila tawi, na kidudu chochote kitakachoingia au kutoka kwenye kuyu kitaliwa. Tutakula kuyu safi."

Bi Hondo aliegemea ukuta wa tope, akausogeza mdomo ufani.

"Baba Mosi. Umewahi kuona ua la mkuyu?"

"Hapana. Mkuyu hauna maua."

"Unayo. Yako tumboni mwa kuyu. Yamejificha humo ndani, hayaonekani na hayafikiki. Nyuki hawezi kuingia, kipepeo hawezi. Anayeweza kuingia ni yule nyigu peke yake. Anaingia na chavua ya mkuyu mwingine, anaipaka humo ndani, ndipo kuyu linanenepa na kuiva. Asipoingia, kuyu linadondoka likiwa bichi. Yule si mdudu wa kuyu. Yule ni mkunga wake. Wakubwa walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na nyinyi hamkumtukana tu, mmemlisha Sungusungu!"

"Umejuaje?"

"Kwa kula kuyu na kutazama ninachokula! Nenda. Nenda sasa hivi ukamwambie Nyani."

Bwana Hondo akakaa kwenye tawi, akakuna shingo. "Nitaonekanaje, Mama Mosi? Mbiu nimeipiga leo asubuhi. Leo leo tena nikaipinge?"

"Utaonekana baba mwenye watoto."

"Mimi ni mpiga mbiu tu," akasema, lakini sauti ilikuwa ndogo. Kwa Nyani hakwenda.

Makuyu yaliyokuwa yamekwisha kuingiwa na nyigu yakaiva, yakaliwa. Yaliyofuata yalibaki madogo, magumu, yakawa yanadondoka moja moja, kisha kwa makundi. Nyani alikula mabichi akaumwa tumbo. Tembo alizunguka akitafuta mti wa kusukuma, hata yeye mwenyewe hajui kwa nini. Sungusungu walilinda matawi matupu kwa bidii kubwa.

Siku ya kwanza Bwana Hondo alileta kuyu moja lililosinyaa. Siku ya pili alileta panzi. Siku ya tatu akatua kwenye tawi.

"Mke wangu wa ndani, u hali gani?"

"Nina giza."

"Toa mdomo, pokea..." Hakumalizia. Hakuwa na kitu.

Bi Hondo naye hakumgombeza. Alisema tu, "Pili ameacha kufungua mdomo tangu asubuhi."

Bwana Hondo akaruka kwenda kutafuta. Alitafuta kutwa. Aliporudi na nusu ya jongoo, Pili alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa amelaza kichwa chini ya kidevu cha mama yake, na mama hakujua ni saa ngapi usingizi ulipogeuka.

Bi Hondo alilia. Kisha akamtazama Mosi, mbavu zinahesabika, mdomo bado wazi. Akainua mdomo wake akaupiga ukuta wa tope. Ko! Akaupiga tena. Ko! Nje mumewe akashtuka. "Mama Mosi, unafanya nini? Mtoto hana mbawa! Watu watasema nini?"

"Watasema mke wa mpiga mbiu amebomoa ukuta. Katangaze na hilo."

Ko! Ukuta ukaanguka. Bi Hondo akatoka, mbawa zake nusu, hawezi kuruka, akaporomoka mpaka chini. Hakuumia. Aliangukia kwenye majani mabichi laini. Akatazama. Chini ya tundu lake, pale zilipokuwa zikidondoka kokwa zote alizozitema kupitia ufa, miche ilikuwa imeota imesongamana: mizambarau, mifudu, mibungo, na mibula ya zile mbula alizokula hapo kabla ya kuingia kutaga, yote mirefu kama kidole. Miti yote iliyosukumwa ilikuwa hapo, imetoka kwa takataka zake mwenyewe.

Hakuwa na nafasi ya kufurahi. Alichimba shimo dogo kati ya miche ile, mumewe akampa Mosi ile nusu ya jongoo, akamshusha Pili, wakamfukia. Kisha Bi Hondo akaokota kuyu moja bichi, akaenda mkutanoni kwa miguu, akirukaruka, manyoya yake yakiburuta vumbini, njia yote ile, mumewe akimfuata. Wanyama walimwona wakaanza kunong'ona. Hondohondo mke, nje, kabla ya wakati!

Nyani alikuwa amesimama juu ya jiwe. Mkutano wa nne ulikuwa wa njaa. "Nimependekeza," alikuwa akisema, "kila mnyama afunge kula siku saba, mpaka makuyu yazoee usafi."

Bi Hondo akalitupa kuyu mbele yake. "Mzee Nyani, shikamoo. Lipasue hilo."

"Marahaba. Kuna nini ndani?"

"Lipasue."

Nyani akalipasua. Ndani palikuwa pakavu.

"Safi, sivyo?" akasema Bi Hondo. "Hakuna mdudu hata mmoja. Kuyu ulilolitaka ndilo hilo. Kula."

Nyani hakula. Bi Hondo akamweleza habari ya yule nyigu, kama alivyomweleza mumewe, neno kwa neno, na alichoka kuyarudia maneno ambayo yangeulizwa mapema yasingemgharimu mtu kitu. "Miti yenu mingine ninayo," akasema. "Imeota chini ya tundu langu. Njooni mwichukue, mkaipande. Wewe Mzee Nyani hutazila zambarau zake. Labda wajukuu zako, nao wakicheka meno yakiwa ya zambarau, waacheni wacheke. Lakini nyigu hana kokwa. Nyigu siwezi kuwapa."

Tembo alitazama miguu yake.

Nyani akajikuna, kisha akapata wazo, maana mwenyekiti hakosi wazo. "Basi jambo ni rahisi! Tuliwafukuza, tutawaita. Mpiga mbiu! Panda juu, waite warudi. Waambie wamesamehewa."

"Wamesamehewa," Bi Hondo akarudia, akafumba macho.

Bwana Hondo akaruka juu ya mkuyu mrefu kuliko yote. Akanyoosha shingo. Akafungua mdomo ule uliosifiwa msitu mzima. "Sikilizeni, sikilizeni, wa juu na wa chini..."

Akanyamaza.

"Ita!" akapiga kelele Nyani.

"Niite nyigu yupi, Mwenyekiti? Nyigu ni wa aina nyingi. Hawa wa kuyu jina lao ni nani?"

Nyani akamtazama Tembo. Tembo akawatazama Sungusungu. Sungusungu wakasema, "Sisi tulikuwa tunakula tu. Hatukuulizana majina." Wakatazamana wote, wakubwa kwa wadogo, na katika msitu mzima hakupatikana hata mmoja anayejua walikuwa wakiitwaje, wala wanalala wapi, wala wanaitikia sauti gani.

Bwana Hondo alikaa kule juu mdomo wazi kwa muda mrefu. Kisha akashuka. Ndiyo siku aliyouacha upiga mbiu, na hakuna aliyemfukuza.

Tangu hapo alivuka mto kila siku kwenda msitu wa ng'ambo, akaomba kuyu moja, akarudi nalo, akaenda tena. Alikonda akawa mdomo na miguu. Mosi akapona, akaota mbawa. Miche ikapandwa. Na nyigu? Wako wanaosema upepo uliwaleta wengine, miaka mingi baadaye. Wako wanaosema mikuyu ile mpaka leo inasimama na majani mazuri, haiivishi kitu. Mimi sikuwapo, siwezi kuwadanganya.

Ninachowaambia ni hiki. Mdharau mwiba mguu huota tende, na msitu una miiba midogo mingi ambayo ndiyo inayoushikilia. Usiondoe kiumbe ambaye hata jina lake hulijui, kwa sababu siku ukimhitaji hutakuwa na la kumwitia. Na wewe uliyepewa sauti kubwa, mdomo unaotangaza ndio huo huo unaoweza kusema hapana. Useme mapema, watoto wangali na njaa ya kawaida.

Kisa changu kimeiva, nimekichuma, nimewagawia. Nyama yake kuleni nyinyi. Kokwa nirudishieni, nikapande.